Shajara ya mradi: sumukuvu kwenye dona, sembe na pumba

Machi. Mahindi bado yako shambani

Mradi umeanza rasmi, kwa hiyo naandika kwanza tunachokitafuta, ili tukipotea njiani tuwe na pa kurudi.

Mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu za ukungu, hasa aflatoksini, hupita kwenye ungo wa mama anayechambua, kisha mashine ya kukoboa, kisha mashine ya kusaga. Kila kituo kinaondoa kitu. Kinachoondolewa kinakwenda wapi? Pumba wanapewa ng'ombe na kuku. Punje zilizooza zina wanunuzi wake, na hakuna anayenunua mahindi ili akayachome moto. Tunataka kuifuata sumu kituo kwa kituo, kutoka kwenye gunia hadi kwenye sufuria, zizi na pipa la pombe. Kila tutakapofika tutapima mambo mawili: sumu ni kiasi gani, na je, dondoo la chakula hicho, yaani vitu vilivyotolewa ndani yake, linaharibu vinasaba vya kiumbe hai?

Kipimo cha pili ndicho kilichonivuta kwenye fani hii. Mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuzipima, inakupa namba tu, mikrogramu kadhaa kwa kilo. Haikuambii vitu vyote vilivyomo kwenye unga vikiingia pamoja ndani ya seli vinafanya nini. Mahindi yetu mara nyingi yana fumonisini pia, sumu ya ukungu mwingine, na mtoto anayekunywa uji anakunywa vyote kwa kijiko kimoja.

Kwa wasomaji wasiotoka maabara, nieleze jinsi aflatoksini B1 inavyofanya kazi, maana mengine yote yatategemea hapa. Sumu hii ikiingia tumboni bado haijapata makali yake. Ini ndilo linaloitia makali. Vimeng'enya vya ini, ambavyo kazi yake ni kubadilisha vitu vigeni ili vitoke mwilini, huigeuza B1 kuwa epoksidi, kitu kisichotulia hata kidogo, ambacho hung'ang'ania guanini (G), moja ya herufi nne za DNA. Seli ikigawanyika kabla jeraha halijarekebishwa, penye G panaandikwa T. Badiliko hilo likiangukia kwenye jini ya p53, hasa kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249, seli inapoteza kizuizi kinachoikataza kugawanyika ovyo. Mwaka 1991 watafiti walikuta alama hiyo hiyo kwenye saratani za ini kutoka Qidong, China, na kutoka kusini mwa Afrika, sehemu mbili zilizo mbali mno ambako watu walikula chakula chenye ukungu uleule. Ni visababishi vichache sana vya saratani vinavyoacha ushahidi wa wazi namna hii ndani ya DNA ya mgonjwa.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka aflatoksini kundi la 1, pamoja na moshi wa sigara. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini B yuko pabaya zaidi. Utafiti uliofanyika Shanghai miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mwenye virusi na sumu kwa pamoja hatari yake ni takriban mara 60 ya asiye na hata kimoja. Huku kwetu vyote viwili vipo.

Aprili. Kuchagua mahali

Tumechagua ukanda wa Kongwa na Kiteto, na soko la Kibaigwa kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mahindi mengi ya ukanda huu hupita pale kabla ya kwenda Dar es Salaam, visiwani na nje ya nchi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Katikati ya mwaka 2016, watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kutapika, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji. Wagonjwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Upande wa Kenya, mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani zilipata wagonjwa 317 na vifo 125. Hiyo ilikuwa sumu kali ya siku chache, mtu anakula wiki hii anaumwa wiki hii. Saratani huja kwa njia nyingine: kidogo kidogo, miaka ishirini au thelathini, na mgonjwa anapofika hospitali na uvimbe ini likiwa limeshaharibika, hakuna anayekumbuka ugali wa mwaka gani. Wale wa 2016 walihesabiwa. Hawa wengine hawahesabiwi, na mradi huu ni wa kwao.

Vibali vimekamilika. Mwenyekiti wa kijiji cha kwanza alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mkikuta mahindi ni mabaya, mtatunyang'anya?" Nikamjibu kwamba hatuna mamlaka hayo, na kwamba kila kaya itapewa majibu yake yenyewe, kwa siri. Akasema, "Basi njooni wakati wa mavuno, wala msije na gari la serikali." Tutafanya hivyo.

Mei. Bambo

Mwezi huu wote tumekuwa tukibishana kuhusu kuchukua sampuli, na nimefurahi kwamba tunabishana sasa kabla hatujaanza.

Wafanyabiashara hupima mahindi kwa bambo. Wanatoboa gunia pembeni, wanatoa punje za kujaa kiganja, wanaziangalia, wanauma moja kusikia ukavu, bei inapangwa. Kwa ukavu na wadudu inatosha. Kwa sumukuvu haitoshi kabisa, na hesabu hii ndiyo niliyoandika ubaoni kwa ajili ya wanafunzi. Punje moja ya mahindi ina uzito wa takriban gramu 0.3. Punje iliyooza vibaya inaweza kuwa na mikrogramu 100,000 za aflatoksini kwa kilo, maana yake punje hiyo pekee imebeba mikrogramu 30. Ichanganye na kilo 5 za mahindi safi kabisa, saga vyote. Unapata mikrogramu 6 kwa kilo. Kiwango cha juu cha B1 kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 5. Yaani punje moja kati ya elfu kumi na sita inatosha kuangusha mzigo mzima, na bambo likipita sentimita mbili pembeni yake litakwambia gunia ni safi.

Kwa hiyo tumeamua: kwa kila kaya tunatoboa magunia yote, juu, katikati na chini, tunakusanya kilo 5, na tunazisaga zote kabla ya kupunguza. Mwanafunzi wangu wa uzamili alipendekeza tuchukue kidogo ili tufikie kaya nyingi. Hoja yake ina uzito, lakini kaya nyingi zilizopimwa vibaya zingetupa picha nzuri ya uongo. Tumepunguza idadi ya kaya.

Wakati wa kusaga kila mtu anavaa barakoa na glavu. Vumbi la mahindi yenye ukungu halifai kuvutwa. Vyombo vyote vinalowekwa kwenye jiki kabla ya kuoshwa, kwa sababu klorini huivunja aflatoksini. Moto wa jikoni hauivunji. Sumu hii inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 250 kuharibika, na ugali unapikwa kwenye maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Naliandika hili kwa sababu kila kijiji tunachofika tunaulizwa kama kupika sana kunasaidia.

Juni. Mavuno

Tumeingia vijijini. Mvua zilikatika mapema mwaka huu, mahindi yakapata kiu wakati wa kubeba. Hiyo ndiyo hali anayoipenda *Aspergillus flavus*: mmea uliochoka, joto, na wadudu waliotoboa gunzi. Dumuzi naye akiingia ghalani anatoboa njia mpya za ukungu na kubeba mbegu zake mgongoni.

Nimekaa asubuhi nzima na mama mmoja anayechambua. Ana ungo, turubai na beseni mbili. Anapeta kwanza, vumbi na punje nyepesi zinatoka. Kisha anamwaga mahindi kidogo kidogo mbele yake na vidole vinaanza kazi: iliyopasuka, iliyotobolewa, yenye rangi ya kahawia, yenye unga wa kijani kwenye kiini. Hatazami kila punje, anatazama mtiririko, na mkono unadaka ile isiyofanana na wenzake. Nilimwomba nichukue sehemu ya zilizokataliwa na sehemu ya zilizokubaliwa, nikaziweka chini ya taa yetu ya miale ya urujuanimno ndani ya hema jeusi. Kwenye zilizokataliwa punje kadhaa ziling'aa kijani-njano. Kwenye zilizokubaliwa sikuona hata moja iliyong'aa. Mng'ao ule hautoki kwenye aflatoksini yenyewe, unatokana na asidi ya koji ambayo ukungu huohuo huitengeneza, kwa hiyo ni dalili tu na hauwi kipimo. Bado nilimwita aje aone. Aliinama ndani ya hema, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe mwanangu, kazi yangu ina taa yake."

Nikamuuliza yale ya beseni la pili yanakwenda wapi. Akaeleza bila kuficha: mazuri kiasi yanapewa kuku, mengine ananunua mama pombe.

Kaya nyingine bibi alitupa somo ambalo haliko kwenye pendekezo letu la mradi. "Sisi zamani tulikoboa, tukaloweka, tukaosha, tukaanika, ndipo tukasaga. Siku hizi mnatwambia tule dona, sembe haina vitamini. Tushike lipi, mjukuu wangu?"

Swali hili limekaa na mimi tangu siku ile. Ushauri wa dona una msingi: maganda na kiini vina nyuzinyuzi, mafuta, vitamini za kundi B na madini ya chuma. Lakini ukungu nao huingilia kwenye kiini na tabaka za nje, na sehemu kubwa ya sumu hukaa hapo hapo. Ukikoboa unaondoa vyote kwa pamoja. Ukila dona ya mahindi yasiyochambuliwa, unakula kila kitu ambacho yule mama angekidaka kwa vidole. Na yale maji ya kuloweka ya bibi yalikuwa yanafanya kazi: punje zilizoliwa na ukungu ni nyepesi, huelea, na mtu anaziengua pamoja na makapi. Tumeongeza hatua ya kuloweka kwenye mpango wa vipimo, na bibi amekubali kutufanyia kama alivyofundishwa na mama yake.

Julai. Maabara

Kipimo cha vinasaba tunachotumia ni cha Bruce Ames, kilichobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unachukua aina maalumu ya *Salmonella* iliyoharibiwa jini ili isiweze kujitengenezea histidini. Kwenye sahani isiyo na histidini ya kutosha, bakteria huyu hawezi kukua. Ukimwekea kitu kinachobadilisha vinasaba, wachache watapata badiliko linalorudisha uwezo ule uliopotea, na kila mmoja ataota kidoti chake. Baada ya saa 48 kwenye nyuzi 37 unahesabu vidoti, unalinganisha na sahani isiyowekwa kitu. Tunatumia aina mbili: TA100, ambayo hunasa herufi ya DNA ikibadilishwa kwa nyingine, na TA98, ambayo hunasa herufi zikiongezeka au zikipungua.

Ugumu wa kupima chakula kwa njia hii ni kwamba chakula ni chakula, na bakteria nao wanakula. Mahindi yana protini, dondoo lake linaweza kubeba histidini, na bakteria akiipata atakua bila vinasaba vyake kuguswa. Ungehesabu shibe ukadhani ni sumu. Kwa hiyo kila dondoo linapita njia mbili. Ya kwanza ni safu yenye kingamwili zinazoikamata aflatoksini peke yake. Ya pili ni safu ya utomvu wa XAD, ambao hushika vitu visivyopenda maji na kuiacha histidini ioshwe na maji itoke. Njia ya kwanza inatuambia aflatoksini inafanya nini, ya pili inatupa picha pana zaidi ya kilichomo kwenye unga. Pengo kati ya hizo mbili ndilo ninalolisubiri kwa hamu.

Kisha kuna ini. Bakteria hana vimeng'enya vya ini, kwa hiyo tunamwongezea S9, maji ya ini la panya yaliyozungushwa kwenye mashine kwa nguvu mara 9,000 ya uvutano wa dunia na kuchukuliwa sehemu ya juu. Inakaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku ndiyo tunayoiwahi kwanza. Tumepanga zamu za kulala jirani na friza. Gharama yake ni kubwa, ikiyeyuka hakuna ya akiba.

Jana wanafunzi walipanga sahani za majaribio juu ya meza, zile za aflatoksini safi: mstari mmoja na S9, mstari mmoja bila. Bila S9 sahani zilikuwa karibu sawa na zile zisizowekwa kitu. Zenye S9 zilikuwa zimejaa vidoti hadi ukingoni. Sumu ni ileile, kiasi ni kilekile. Mmoja wao aliinua sahani kwenye mwanga akasema, "Kwa hiyo ini letu ndilo linalotuua?" Tulijadili hilo hadi jua likazama. Nilimwambia ini halina kosa, linafanya kazi iliyotuokoa kizazi baada ya kizazi dhidi ya sumu nyingine maelfu. Sisi ndio tunaoliletea mzigo huu kila mlo.

Agosti. Majibu ya kwanza

Majibu haya ni ya awali, na kila sampuli itarudiwa kabla hatujachapisha namba. Naandika mwelekeo tu.

Punje zilizokataliwa na yule mama zimebeba sehemu kubwa ya sumu ya mzigo wake, ingawa kwa uzito ni kidogo sana. Vidole vyake vinafanya kazi ambayo hakuna mashine kijijini inayoifanya. Pumba ziko juu kuliko sembe iliyotoka kwenye mahindi yaleyale. Dona ya mahindi yaliyochambuliwa vizuri iko karibu na sembe ya mahindi yasiyochambuliwa, na huu ndio mstari nitakaompelekea bibi: achambue kwanza, na akichambua vizuri dona yake haitakuwa mbali na sembe.

Kwenye sahani, dondoo za punje zilizokataliwa zinaleta vidoti zikiwa na S9, na zinakaa kimya bila S9. Hivyo ndivyo aflatoksini inavyofanya.

Wenzangu wawili wanataka tutangaze kiwango: chini ya hapa ni salama. Nimekataa. Kwa sumu inayoshambulia DNA moja kwa moja, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO haijaweka kiasi cha kula kila siku bila wasiwasi; inasema iwe chini kadiri inavyowezekana. Mikrogramu 5 ya Afrika Mashariki ni mpaka wa sheria na biashara. Umoja wa Ulaya umeweka 2 kwa nafaka za watu wazima na 0.1 kwa chakula cha watoto wachanga. Mtoto wa Kongwa anayekula uji wa mahindi na karanga mara tatu kwa siku hana ini gumu kuliko mtoto wa Rotterdam, na karanga zenyewe ni rafiki mwingine wa ukungu huu. Uji wa lishe unaouzwa kwenye mifuko tumeuingiza kwenye sampuli za mwezi ujao.

Mara nyingi naulizwa kama kubadilisha chakula kunaweza kweli kupunguza saratani. Qidong ni jibu. Kuanzia miaka ya 1980 watu wa kule waliacha mahindi wakaanza kula mchele, aflatoksini mwilini ikashuka sana, na saratani ya ini ikapungua hata kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B. Sipendekezi Wagogo waache ugali. Lakini uwele na mtama vilikuwa chakula cha ukanda huu kabla ya mahindi kutawala, vinavumilia ukame, na kwa kawaida hupata sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Bei ya mahindi Kibaigwa ndiyo iliyowasukuma.

Baadhi ya wakulima wa sampuli zetu walinyunyiza Aflasafe, ile ya punje za mtama zilizopakwa ukungu wa jamii hiyohiyo usiotoa sumu, ambao huwahi kukalia shamba kabla ule wenye sumu haujaenea. Imesajiliwa nchini tangu 2018. Inatakiwa iwekwe wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanua, kilo 4 kwa ekari. Tutawalinganisha na majirani zao.

Septemba. Zizi na pipa

Maziwa: ng'ombe akila pumba zenye B1, sehemu ndogo, kati ya asilimia 1 na 6, hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aflatoksini M1. Tumeanza kukusanya maziwa kwenye kaya ambazo pumba zake tulizipima Juni. Wafugaji wawili wamekubali kuwapa ng'ombe wao majani tu kwa wiki moja ili tuone M1 inashuka kwa kasi gani. Wameomba tuwalipie majani, na tunalipa.

Mama pombe yule aliyetajwa Juni ametukaribisha. Nilimwamkia, nikamweleza tunachofuata, akacheka kidogo kisha akakunja uso. "Mahindi mazuri nikinunua, kikombe nitauza bei gani? Wateja wangu ni hao hao unaowaona." Ana haki ya kuuliza. Kuchachusha hakuiondoi sumu yote, na pombe yenyewe IARC imeiweka kundi la 1, ini likiwa moja ya viungo inavyovishambulia. Mtu wa mwisho kwenye safari ya sumu hii anakunywa visababishi viwili vya saratani kwenye kikombe kimoja, na ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuchagua. Sina jibu la kumpa mama yule kuhusu bei. Nimeandika kwa wenzetu wa uchumi kilimo nikiwaomba waje kupiga hesabu naye: ni nani anaweza kuyanunua mahindi mabovu kwa kazi isiyo ya chakula, kwa bei isiyomuumiza mchambuaji?

Wiki ijayo tunachukua sampuli za nafaka anayonunua, togwa kabla haijachachuka, na pombe yenyewe, kila hatua chupa tatu. S9 mpya inategemewa kufika mwisho wa mwezi ikiwa kwenye barafu kavu. Bibi ameagiza majibu ya maji yake ya kuloweka yasomwe kwake kwanza kabla ya mwenyekiti, na nimemwahidi.